Ukuta wa Mbele

Viti vya plastiki vilifika kabla ya maiti. Kanisa la Wamethodisti liliviazimisha, na vijana wa kambi ya wafanyakazi wa reli wakavipanga chini ya turubai la bluu vikiitazama nyumba, kama ilivyo desturi ya matanga. Kisha mchungaji akaja, akasimama katikati, akautazama ukuta wa mbele. Lipu ilikuwa ikianguka tangu vita. Matundu ya risasi yalipita juu ya mlango kama makovu ya ndui, na juu ya dirisha palikuwa na shimo la bomu lililozibwa kwa bati lenye kutu. Mchungaji akakohoa.

"Geuzeni viti," akasema kwa sauti ya chini. "Wageni watazame reli. Itakuwa vizuri zaidi."

Vijana wakageuza. Ndani, Mama Emerance alisikia miguu ya viti ikiburutwa, akaelewa. Alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, amefungwa kitambaa cheusi kichwani, na wanawake wa kambi wamemzunguka. Kwa sababu ya ukuta ule alikuwa akigombana na mume wake tangu vita ilipoisha.

Marehemu, Injenia Banza, aliweza kuifufua mashini ya treni ambayo wakubwa wa Lubumbashi walikwisha kuitupa. Kampuni ya reli ilikuwa imempeleka Ubelgiji, ikampeleka India, ikampeleka Afrika ya Kusini. Lakini ukuta wa nyumba yake mwenyewe hakuupiga lipu. "Umeona Bruxelles, umeona Bombay, na mimi nalala ndani ya kichuguu?" Emerance alimwambia hivyo siku moja mbele ya majirani. Banza alijifuta mikono kwa kitambaa cha mafuta, akajibu kama alivyojibu siku zote, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza: "Mwaka kesho, Mama Fidélie."

Sasa presha ilikuwa imemwangusha asubuhi moja akivaa viatu, na mwaka kesho ulikuwa umekwisha.

Mchana pikipiki ilisimama barabarani. Mtu aliyeshuka alikuwa mwekundu kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni. Alikuwa Numbi, mdogo wake Banza, mwalimu wa sekondari huko Kibombo. Alitupa mfuko wake chini, akaingia akimlilia kaka yake kwa sauti kubwa, "Yaya wangu! Yaya, umeniacha na nani?" Wanawake wakapokea kilio, kikapanda mpaka barabarani. Alipomaliza kulia alitoka nje, akanawa uso, akaketi kati ya wazee wa reli waliostaafu. Ndipo alipogeuka akauona ukuta.

"Bado iko vile?" akauliza.

"Bado," akajibu Mzee Kanku, dereva wa zamani wa treni, mtu wa Kasai, mwembamba na mwenye mdomo usiopumzika. "Injenia alikuwa daktari wa mashini. Daktari hajitibu."

Wazee wakacheka kidogo, kicheko cha matanga. Kanku akaendelea.

"Aliporudi toka India akatuambia, kule watu wanapanda mpaka juu ya paa ya treni, na mbuzi zao. Nikamwambia, Banza, ulipanda ndege siku mbili kwenda kuona Kongo?"

Hata Numbi alicheka. Kisha akaona kwamba ni zamu yake kumsifu ndugu yake, akasimama kama alivyozoea kusimama darasani.

"Wazee, ninyi munajua safari za ndege. Mimi nitawaambia safari ya miguu. Vita ilipokata inchi ya Kongo vipande viwili, yaya alikuwa Lubumbashi, upande wa serikali. Bibi yake, huyu shemeji yangu, na mutoto walibaki hapa Kindu, mikononi mwa waasi. Reli njo moja, lakini vita imeikata kama nyoka. Wengine walisema, tungoje. Yaya hakungoja. Aliingia Zambia. Akapanda treni mpaka Dar es Salaam. Akapanda ingine mpaka Kigoma. Akavuka ziwa kwa mutumbwi, akafika Uvira, akapanda Bukavu, na toka pale akaingia pori kwa miguu. Shabunda, Pangi, mpaka hapa. Alizunguka inchi mbili kusudi afike kwenye nyumba iko kando ya reli yake mwenyewe!"

"Na chumvi," akasema Kanku.

"Chumvi gani?"

"Wee mudogo wake hata haujui? Treni ilisimama Uvinza, pale wanachemsha chumvi. Akanunua, akaishona ndani ya suruali, mguu huu na mguu huu. Wakati ule Kindu imezingirwa, mutu anaweza kuuza mulango wa nyumba kwa kijiko cha chumvi. Kufika kizuizi cha Alunguli, askari wanamupapasa. Wakakata mguu moja wa suruali wakabeba. Mguu mwingine wakamwachia. Injenia wa Bruxelles akaingia Kindu na suruali ya mguu moja!"

Turubai zima likacheka. Christelle, binti wa marehemu, alikuwa akipita na ndoo ya maji. Akacheka naye, machozi yakimtiririka. Alizaliwa baada ya safari ile, na hakuwahi kumwona baba yake akikimbia. Aliyemjua yeye ni baba aliyewakusanya watoto wote wa kambi kando ya reli na kuwafundisha: mkiona hatari kwenye njia, msikimbie wala msipige kelele. Simama wima, inua mikono yote miwili juu. Ukifanya vile, mashini yoyote duniani itasimama. Kila mtoto wa kambi aliijua ishara hiyo kabla ya kujua kusoma.

"Basi," akasema Numbi, kicheko kilipotulia, "kesho, jeneza likipita mbele ya depo, honi italia. Si ni desturi yenu?"

Wazee wakatazamana. Ilikuwa desturi. Mfanyakazi wa reli akifa Kindu, jeneza lake hupitishwa mbele ya depo, karakana ya mashini, na wenzake humpigia honi ya mashini, ndefu, mara moja, mpaka ng'ambo ya Lualaba wasikie. Mke ambaye mume wake hakupigiwa honi huulizwa maisha yake yote mume alikosa nini.

"Ni desturi," akasema Kanku. "Kama Shefu anakubali."

Mlangoni, mwanamke mmoja mfupi aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, aliinua kichwa aliposikia neno honi, kisha akakiinamisha tena. Alikuwa Germaine. Mume wake alipigiwa honi mwaka uliopita.

*

Shefu wa stesheni aliitwa Blanchard, kijana aliyetumwa toka Lubumbashi. Ofisini kwake mlikuwa na kiti kimoja cha mgeni. Alimpa Numbi. Emerance alisimama karibu na mlango katika nguo zake za msiba, na Assani, fundi mkuu wa depo, akasimama nyuma yake. Assani alikuwa ameletwa kwa Banza akiwa kijana na baba yake, imamu, ili afundishwe kazi. Sasa ndevu zake zilianza kuwa nyeupe.

"Poleni sana," akasema Blanchard. "Kweli tumepoteza muzee."

"Asante, Shefu," akasema Numbi. "Tumekuja kwa ajili ya honi."

Blanchard akaweka kalamu chini. "Honi ni ya wafanyakazi wa Kampuni. Marehemu aliacha kazi wakati wa vita. Alitoka Lubumbashi bila ruhusa, akavuka kwenda kwa waasi."

"Alivuka kwenda kwa bibi yake!"

"Kwa Lubumbashi hiyo ni kitu kimoja. Walimfuta."

"Na hii miaka yote nani alikuwa anatengeneza mashini zenu? Malaika?"

"Alikuwa anakuja kama kibarua."

"Kibarua!" Numbi alisimama, kiti kikaanguka. "Mutu amesoma Ubelgiji, wewe ungali unakojoa kitandani, leo unamwita kibarua mbele ya mujane wake? Sisi Waluba wa Katanga hatuzikwi kimya kama kuku! Nitawaita wastaafu wote. Tutakuja na jeneza hapa, tuliweke juu ya reli, tuone nani atalitoa."

Akatoka. Sauti yake ilisikika ikiwasimulia watu wa nje. Emerance alianza kumfuata, lakini Blanchard akasema, "Mama, wewe baki. Keti."

Alikiinua kiti mwenyewe. Emerance akaketi.

"Mimi si mutu mubaya," akasema Blanchard. "Shemeji yako ametoka na hasira, ni haki yake. Lakini kuna jambo hakujua, na pengine hata wewe. Niambie, Mama. Kwa nini ule ukuta wenu haukupigwa lipu?"

Emerance aliona aibu ikimpanda usoni. Hata hapa? Hata leo?

"Marehemu alikuwa na kazi nyingi," akasema.

"Hapana. Assani, mwambie. Wewe ulikuwapo."

Assani alitazama kofia yake. "Nilimwapia nisiseme, Mama Fidélie."

"Amekufa, Assani," akasema Emerance. "Sema."

"Vita ilipoisha, wakubwa walitoka Lubumbashi kuangalia nyumba za kambi. Zipi nzima, zipi zimekufa. Hawakumwamini mutu mwingine, wakamchukua Injenia awaongoze. Walikwisha kumufuta, lakini walimutumia. Mimi nilikuwa nashika ngazi. Tukapita nyumba kwa nyumba, yeye anapanda, anagonga ukuta, anasema ukweli. Hii nzima. Hii itengenezwe. Hakudanganya hata moja. Tukafika kwenu. Bomu lilikuwa limetoboa mbele tu, nyuma kulikuwa sawa. Akapanda, akakaa juu pale. Halafu akashuka akawaambia, hii imekufa, isihesabiwe tena. Na sauti yake ilitetemeka. Mimi nilikuwa sijamusikia kudanganya toka nimujue."

Nje Numbi alikuwa bado akipiga kelele. Blanchard akainama mezani.

"Toka siku ile, kwa Lubumbashi nyumba yenu haiko. Wakubwa wakipita ndani ya treni wanaona ule ukuta, wanaamini. Aliyenitangulia alijua, akanyamaza. Mimi nimejua, nimenyamaza. Lakini honi, Mama, honi haina siri. Ikilia leo, wastaafu wa hapa watapiga simu kwa wastaafu wa kule, na kesho asubuhi Lubumbashi wananiuliza kwa foni: nani amekufa? Akiwa wetu, alikuwa anakaa nyumba gani? Nitajibu nini? Unajua sheria. Mwenye kupigiwa honi, nyumba yake inarudi kwa Kampuni arobaini ikiisha. Mimi sikuona kitu, sikusikia kitu. Lakini honi inasikiwa."

"Kwa hiyo ni honi ao nyumba," akasema Emerance.

"Sikusema vile."

"Umesema vile, mutoto yangu."

Blanchard hakumtazama. "Alikuwa mwerevu, muzee wako," akasema. "Amekaa bure miaka yote."

Emerance alisimama, akaaga kwa heshima, akatoka. Assani alimfuata mpaka kwenye reli.

"Mama, usimusikilize," akasema Assani kwa haraka. "Mashini iko. Kesho asubuhi niko na haki ya kuiwasha kwa kuijaribu. Nikiwa juu mule ndani, nani atanizuia mukono? Yule mutu njo baba yangu wa pili. Nyumba, tutatafuta ingine."

"Wapi?"

Assani alivaa kofia yake, akarudi depo.

*

Nyuma ya nyumba mambo yalikuwa tofauti. Huko ukuta ulikuwa umepigwa lipu laini na kupakwa chokaa. Jiko lilikuwa na paa nzuri, na maji ya mvua yalipita katika mfereji wa saruji ambao Banza aliuchonga kwa mkono. Mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma angedhani ameingia nyumba ya mtu mwingine. Na nyuma ya jiko, kati ya mpapai na ua wa miti, palikuwa na kipande cha ardhi kifupi, kimezungushiwa vyuma vya kushikia reli, vimepakwa rangi nyeupe. Ndani yake hapakuota jani hata moja.

Emerance alichuchumaa hapo. Alikumbuka mwaka wa kuzingirwa, watu wakila majani ya muhogo yasiyo na chumvi, miguu ya watoto ikivimba. Fidélie alikuwa akiuliza kila jioni, "Mama, leo iko chumvi?" Alipokufa, risasi zilikuwa zikilia upande wa makaburi na hakuna aliyethubutu kupita. Emerance na jirani walichimba wenyewe, kwa jembe lililovunjika mpini, wakamzika hapo hapo kama wengi walivyowazika wao mwaka ule. Wiki chache baadaye mtu mwenye vidonda na suruali ya mguu mmoja alisimama mlangoni. Alikuwa ameshika kitambaa kilichofungwa. Alisema, "Mwite Fidélie."

Hakuna siku Banza aliyomlaumu. Hakuna siku aliyozungumza juu ya jambo lile. Kila Jumapili alikuwa akipaka vile vyuma rangi kama kwamba vimechafuka.

Sasa Emerance alielewa kwa nini sauti yake ilitetemeka pale juu ya ngazi. Kutoka juu ya paa lile, ukitazama nyuma, unapaona hapa vizuri.

"Na mimi nilimwambia kichuguu," akasema kwa sauti.

"Unasema na nani?" Germaine alikuwa amekuja na bakuli la sombe. Aliketi kwenye mfereji bila kukaribishwa, kama rafiki. "Najua umetoka kwa Shefu. Nikuambie kitu?"

"Niambie."

"Mume wangu walimupigia honi, nililia mpaka nikazimia. Nilijisikia mukubwa. Watu walisema, Germaine, hii njo mazishi. Arobaini ikaisha, wakaweka vyungu vyangu inje. Aliyeingia alichimba choo pale nilipozika kitovu cha mutoto yangu wa mwisho. Nilikwenda kumwambia, akaniambia, Mama, mimi nimepewa nyumba, sikupewa vitovu." Akatazama vile vyuma vyeupe, kisha akatazama pembeni. "Leo niko nalala nyuma ya soko ya Kasuku, chini ya bati ya mutu. Na ile honi, dada, siisikii tena."

*

Jioni Numbi alirudi akiwa amejaa ari. Alikuwa amepata wastaafu wengi upande wake, na Kanku mbele yao. Alisimama chini ya turubai akapaza sauti ili wote wasikie.

"Kesho tunapita depo! Assani atawasha. Honi italia, Shefu apende asipende!"

Emerance alitoka mlangoni. Mjane hatakiwi kutoka mbele ya wageni namna hiyo, na wanawake walijaribu kumvuta kwa nguo.

"Shemeji," akasema. "Honi haitalia."

Numbi akageuka.

"Unasema?"

"Nimemuambia Assani asiwashe. Tutapita kimya."

"Wamekupa nini?" Numbi alimkaribia. "Sema mbele ya watu. Huyu kijana wa Lubumbashi amekupa nini? Nyumba? Hii nyumba?" Alinyoosha mkono kwenye ukuta. "Yaya alizunguka inchi mbili, akakata pori kwa miguu kwa ajili yako, na wewe unauza honi yake kwa hili shimo?"

"Watu wa Tunda wanajua biashara," mmoja akasema nyuma, akitaja kwao Emerance, na wengine wakaguna.

Emerance alipitisha macho kwenye viti. Angeweza kueleza. Lakini chini ya turubai walikuwamo watu wa kila aina, hata tarishi wa Blanchard, na kaburi ndani ya nyumba ya Kampuni si jambo la kutangaza.

"Shemeji," akasema, "nenda nyuma ya jikoni. Christelle atakuonyesha. Halafu urudi unitukane."

Numbi alitazama huku na huku, kama mtu anayeogopa kuchekwa. Akaenda. Alikaa huko muda. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika lakini hasira haikutoka. Ilikuwa imepata mahali pengine pa kukaa.

"Aliniandikia kwamba mutoto alizikwa makaburini," akasema kwa sauti ya chini sana. "Mimi ni ndugu yake. Nimelala ndani ya hii nyumba mara ngapi. Alinificha."

"Alinificha na mimi mengine."

"Hata hivyo, Mama Fidélie." Alionyesha kidole ndani ya nyumba. "Hata hivyo. Yule ni mutoto. Huyu alikuwa mukubwa."

Alichukua mfuko wake, akaenda kulala kwa mchungaji. Wastaafu wakasimama mmoja mmoja, na Kanku akawa wa mwisho. Hakuwa na utani tena.

"Nilimwendesha huyu mutu toka Kabalo na mashini imekatika breki," akasema. "Aliniambia, Kanku, usiruke, tutafika. Na kesho utamupitisha mbele ya mashini yetu kama mwizi wa kuku." Akatema mate, si karibu na miguu ya Emerance, lakini si mbali sana.

*

Asubuhi palikuwa na ukungu juu ya Lualaba, na ulipoondoka jua likawa kali ghafula. Jeneza lilitoka kwa mlango wa mbele. Numbi alishika mbele upande wa kulia. Hakumsalimia Emerance. Kwaya iliimba, na watu wakafuata, wachache kuliko waliotarajiwa. Waendesha pikipiki walizima injini na kuvua kofia.

Walipokaribia depo, Christelle alimshika mama yake mkono. "Mama. Sikiliza."

Emerance alikuwa amekwisha kusikia. Mashini ilikuwa inanguruma. Ilikuwa imetolewa nje ya depo, imesimama kwenye njia, moshi mweusi ukipanda, na juu dirishani alionekana Assani katika nguo safi ya bluu, mkono wake mmoja juu ya kamba ya honi. Wastaafu walikuwa wamejipanga kando ya reli, medali vifuani. Mlangoni mwa stesheni Blanchard alisimama, mikono mfukoni, uso umempauka.

Kanku akavua kofia. Waliokuwa wakilia wakanyamaza ili wasikie vizuri. Numbi aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu afike, alionekana kama mtu aliyepata kitu.

Emerance aliuachia mkono wa binti yake. Alitoka kwenye msafara, akalipita jeneza, jambo ambalo mjane hafanyi, akatembea juu ya kokoto mpaka kati ya reli mbili, mbele ya mashini. Ngurumo ilimpiga kifuani. Hakumwita Assani, maana asingesikia. Alisimama wima. Akainua mikono yote miwili juu.

Mashini haikuwa ikitembea. Lakini kila mtu pale, mkubwa na mdogo, aliijua ishara ile na aliyeifundisha.

Assani alimtazama. Mkono wake ulibaki juu ya kamba. Alikuwa akilia, na mdomo wake ulikuwa ukisema kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Emerance hakushusha mikono. Kilemba chake cheusi kilifunguka kikaanguka kwenye kokoto, nywele zake nyeupe zikabaki wazi mbele ya wanaume wote wa reli ya Kindu, na hakukiinamia.

Assani akatoa mkono kwenye kamba. Akazima. Ngurumo ikashuka, ikakohoa, ikakatika, na kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa mpaka walisikia mbuzi ng'ambo ya barabara.

Jeneza likapita. Kanku aliigeuzia mashini mgongo, akavaa kofia yake. Mwanamke mmoja akasema bila kuficha, "Hata honi amemnyima." Hakuna aliyemwokotea Emerance kilemba chake. Alikiokota mwenyewe, akakikung'uta, akafuata nyuma kabisa.

*

Arobaini ilipofika watu hawakujaza viti. Numbi hakuja, alituma mchele kwa mtu wa pikipiki, bila neno. Assani alikuja, akala, akaondoka mapema.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja kipande kikubwa cha lipu kilianguka toka ukuta wa mbele, na tofali zikaonekana kama meno. Christelle alitoka na karai. Alikuwa amekwisha kuchanganya udongo na saruji kidogo iliyobaki kwenye sanduku la baba yake.

"Weka chini," akasema mama yake.

"Mama, watu wanacheka. Jana Blanchard amepita na mugeni, mugeni akauliza kama ndani munalala watu ao mbuzi."

"Na Blanchard akasema?"

"Alisema hakuna mutu."

Emerance aliusogelea ukuta, akaupapasa mahali palipobomoka. Tofali zilikuwa bado imara. Treni ilikuwa njiani toka Kibombo, watu wa stesheni walisema. Ingefika leo au kesho na wakubwa ndani. Alichukua jiti, akalikwangua lile bonge lililobaki likining'inia juu ya mlango mpaka nalo likaanguka.

"Huo udongo usiharibike," akasema. "Peleka nyuma, kwa dada yako. Mvua imekula ukingo upande wa mpapai."